Ghorofa Linalongoja Cheti

Njugu ndizo zilizoanza kumwambia Regina.

Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, katika chumba cha kona, cha chini kabisa, cha ghorofa la mwanawe, anachambua njugu mawe za kuwapikia mafundi. Chumba kilikuwa kimekwisha kabisa. Marumaru nyeupe, ukuta wa rangi ya maziwa, swichi za taa bado zimevaa nailoni zake. Njugu moja ikamponyoka kwenye ungo. Ikabiringika. Haikusimama pale alipotegemea isimame. Ilikwenda mdogomdogo mpaka kona ya mashariki, ikagonga ukuta, ikatulia. Akachukua nyingine, akaiweka katikati ya chumba na kuiachia. Nayo ikaenda. Ya tatu akaiweka karibu na mlango. Hiyo ilikaa kidogo kama inayofikiri, halafu ikazifuata zile mbili.

Alizikusanya zote, akazirudisha kwenye ungo, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu. Mwanamke wa miaka sabini na mbili akianza kusema sakafu inavuta njugu, watu watamtafutia mganga kabla hajameza mate.

Ghorofa lenyewe lilikuwa la Fortunatus, mtoto wake wa mwisho, muuza mabati na saruji pale karibu na soko. Lilikuwa limepanda mara tano kwenda juu, na familia ishirini zingeenea humo. Kwa Mpanda, nyumba ndefu namna hiyo ya kupangisha watu bado ni kitu cha kumfanya mwenye baiskeli ashuke atazame. Alilijenga kwa miaka miwili ubavuni mwa nyumba ya mama yake, kwenye kile kishamba ambacho marehemu Krispini, baba yake, aliwaachia. Sasa lilikuwa limepakwa rangi, limewekewa matangi ya maji juu ya paa, na halikuwa na mpangaji hata mmoja. Lilikuwa linangoja cheti.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Benki ilikuwa imemwahidi Fortunatus mkopo mkubwa wa miaka kumi, wa kulipa polepole kwa kodi za wapangaji. Lakini benki ilisema lete kwanza cheti cha mkaguzi kwamba jengo ni salama kukaliwa na watu; bila hicho hatutoi hata shilingi. Na mafundi hawangoji cheti, wala wauza nondo hawangoji. Basi Fortunatus akamwendea Makarius.

Makarius alikuwa mtu wa kampuni ya mikopo, mwenye ofisi ya kiyoyozi na sauti ya upole kama katekista. Alimpa milioni mia na themanini za miezi sita. Aliuita mkopo wa kuvukia. Unavukia juu yake mpaka ng'ambo, benki inakupokea, naye anarudishiwa chake pamoja na riba. Alichotaka ni dhamana tu. Ghorofa lisilo na cheti hakulikubali. Alikubali nyumba ya Regina, kwa kuwa hati yake ilikuwa safi, ina jina la mwenyewe, na iko mbele ya barabara.

Regina alisaini kwa mkono wake, herufi moja moja. Wakati ule miezi sita ilionekana mingi. Sasa ilikuwa Novemba, na zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku mbili.

Mchana ule ule wa njugu alimkuta fundi mkuu, Method, Mfipa mmoja asiyeishiwa maneno, anaupiga randa mlango wa chumba kile kile cha kona. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

"Method, huo mlango una nini?"

"Mbao mbichi, Mama. Inavimba na unyevu."

"Mvua haijanyesha hata moja."

"Basi inajiandaa," alisema Method.

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Regina kiliishia njiani. Kwa sababu yeye alijua pale palikuwa na nini.

Mwaka wa kuchimba msingi, Method alikuta udongo wa kona ya mashariki una rangi yake peke yake. Fortunatus akaja jikoni kwa mama yake.

"Mama, pale kona palikuwa na nini zamani?"

"Kichuguu," alijibu Regina, anakoroga uji. "Kikubwa, kupita nyumba."

Method, aliyekuwa mlangoni, akapiga makofi. "Tajiri, tumepewa msingi wa bure."

Watu wa huku wanakiamini kichuguu. Udongo wake ndio wa matofali, ndio wa kusiriba ukuta, ndio wa sakafu ya bani la kukaushia tumbaku. Ukishakauka, sururu inadunda. Mahali palipokuwa na kichuguu, mtu anachukulia kwamba mchwa wameshindilia ardhi tangu enzi za mababu. Nguzo za kona ile Method akazishusha nusu ya kina cha nyingine, na nondo zilizobaki zikahamia kwenye ngazi. Walipokuja watu wa kupima udongo, walitoboa mashimo matatu tu. Kona ya nne ilikuwa imerundikiwa mbao na saruji, na Fortunatus akawaambia hapo ni kichuguu, msijichoshe. Regina alikuwa amefungua mdomo siku ile jikoni aseme yaliyobaki. Uji ukafurika, na alipogeuka wanaume walishatoka, wanapigana mabega kwa furaha. Kesho yake akasema nitawaambia kesho. Kesho hiyo ikapita, zege likamwagwa, naye akajiambia kwamba mafundi wana vipimo vyao, wataona wenyewe.

Yaliyobaki ni haya. Kichuguu kile Krispini alikichimba chote. Kiangazi cha kwanza, walipotoka Ugalla kuja kuanza maisha upya, walikata kilichokuwa juu ya ardhi, wakachoma tanuru la matofali ya nyumba yao. Kiangazi cha pili wakaja watu wa Katumba kununua matofali ya mabani yao. Krispini akaona pesa, akaufuata ule udongo mzuri kwenda chini. Regina ndiye aliyebeba kwa kichwa, na mimba ya Fortunatus tumboni. Walichimba mpaka Krispini akisimama shimoni na kuinua jembe juu ya kichwa, aliye nje halioni. Kisha shimo likawa jalala. Majivu ya tanuru, mabua ya tumbaku, maganda ya mahindi, matambara, magogo yaliyooza, hata dume la ng'ombe la jirani yao Msukuma lililokufa kwa ugonjwa. Lilipojaa wakatandaza udongo, na Regina akapanda viazi vitamu. Vilizaa hadi watu wakaja kuomba mbegu.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi alfajiri. Kulipokucha wakatoka kumbikumbi.

Kutoka kwao si ajabu, ndio wakati wao. Lakini hawa hawakutoka uwanjani. Walitoka ndani ya ghorofa, chini ya ngazi, pale sakafu inapokutana na ukuta wa kona. Palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, ambao Method alishauziba mara mbili kwa plasta. Walikuwa wanachuruzika humo kama maji, mabawa yanameta, wanapanda ukutani, wanajaza korido. Method akaleta ndoo. Wanawake wanaowauzia mafundi chai wakaja na sufuria zao.

"Mama Fotu, njoo," alimwita mmoja. "Ghorofa lako linatoa kitoweo kabla ya wapangaji."

"Mwenye nyumba atawatoza kodi hao," alisema mwingine. "Wamekaa bila mkataba."

Regina hakuinama kuokota. Alisimama anatazama ule ufa, na jinsi walivyozidi kuja, saa nzima, bila kupungua. Kumbikumbi hawatoki kwenye ardhi iliyoshiba. Wanatoka vyumbani mwao. Mchwa wa chini kabisa Krispini hakuwafikia, na yeye Regina aliwarundikia chakula juu ya vichwa vyao: mabua, maganda, magogo. Miaka karibu arobaini walikuwa wanakula. Walichokula hakipo tena, na mahali pake pana hewa.

Watu walipotawanyika aliingia chumba cha kona, akapiga kisigino kwenye marumaru karibu na mlango. Pakalia kama jiwe. Akasogea kona ya mashariki, akapiga tena. Pakalia kama debe.

Alimfuata Fortunatus dukani. Akamwambia yote, hakuacha hata lile dume. Halafu wakarudi pamoja, na kwa ncha ya fimbo akamchorea chini, nje ya ukuta, mahali ukingo wa shimo ulipopita: kuanzia bomba la maji, kuzunguka kona, mpaka hatua tatu kabla ya mti wa mpera.

Fortunatus alitazama ule mchoro. Alikuwa mwanamume mnene, mwepesi wa utani, lakini uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu mwenye malaria.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba yako alijua. Mimi najua."

"Basi liishie hapo, Mama." Akaufuta mchoro kwa kiatu. "Nisikilize. Mkaguzi anakuja Jumatatu kwa mara ya mwisho. Akisaini, benki inamlipa Makarius ndani ya wiki. Mimi nikishatulia, naifumua hiyo kona taratibu, natia zege mpaka huko chini. Lakini asiposaini, Makarius anachukua nyumba yako. Utalala wapi?"

"Na wapangaji watakaa wapi wakati unafumua?"

Fortunatus akanyoosha kidole kuelekea jikoni kwake. "Ni nyumba ya baba, Mama. Kaburi la baba liko nyuma ya jiko. Unataka liuzwe kwa mnada?"

Regina alirudi kwake. Ijumaa hakusema kitu. Jumamosi hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kuvumilia, watu walimsifu kwa hilo, na siku zile mbili aliona jinsi kuvumilia kunavyoweza kufanana na kuficha. Akipika, alitega sikio. Mara mbili alisikia marumaru inaachia huko ndani, tak, kama mtu anayevunja kijiti.

Jumapili baada ya misa akaja Makarius, ameshika mkate na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Alikaa, akanywa chai yote, akasifu nyumba. Akasema ina ubaridi mzuri, matofali ya zamani hayana mfano. Akauliza kama paa limewahi kuvuja. Fortunatus alikuwa pembeni, anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Mdogo wangu," Makarius alimwambia, sauti haipandi wala haishuki, "mimi si adui yako. Kama cheti kinachelewa, ingiza watu. Wakulipe miezi sita ya mbele, hizo uniletee, mimi nakusogezea tarehe mpaka Februari. Mpangaji haombi cheti. Anaomba funguo."

"Wanane nimeshaelewana nao," alisema Fortunatus. "Wa kwanza anahamia kesho."

"Unaona? Mambo yanakwenda."

Alipoondoka alisimama kidogo uani, akayapima madirisha ya Regina kwa macho, moja baada ya jingine.

Jumatatu saa tatu asubuhi, bajaji ikaingia imefungwa godoro juu na meza ya plastiki miguu hewani. Akashuka Faith, nesi aliyehamishiwa Mpanda kutoka Tabora, na mtoto mgongoni. Alimsalimia Regina kwa kupiga goti.

"Bibi, ndiyo wewe jirani yetu? Mimi nimepewa kile cha kona, cha pili kutoka chini. Nimependa dirisha lake. Huyu akilia usiku utanisamehe."

"Ana miezi mingapi?"

"Saba. Anaanza kutambaa. Nimefurahia ile sakafu, haina hata shimo."

Regina akaushika mguu wa mtoto, uliokuwa unaning'inia. Akaushika, akauachia.

Kabla godoro halijafunguliwa kamba, likafika gari la mkaguzi. Alikuwa mama wa makamo, jina lake Imakulata, mwenye buti za matope na maneno machache. Fortunatus akamfanyia Faith ishara akae kando, kama ni mgeni tu. Makarius naye alikuwepo, amesimama kivulini kwenye gari lake, akisema amepita kusalimia.

"Zege liko sawa," alisema Imakulata, anafungua faili lake. "Umeme sawa, ngazi sawa. Limebaki shimo la nne la udongo. Nilisema sisaini bila hilo."

"Tumeshaandaa, injinia," alisema Fortunatus. "Method, chimba."

Method akachukua sururu. Regina akatazama mahali alipokwenda kusimama. Palikuwa chini ya mti wa mpera. Mwanawe alikuwa amehesabu zile hatua tatu.

Sururu ilidunda. Method alichimba kwa jasho, na udongo ulitoka mabonge mekundu, magumu, yanayong'aa pale chuma kilipopita. Imakulata akachuchumaa, akavunja bonge kwa vidole, akashindwa, akavunja kwa nyundo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huu ni udongo mzuri."

"Kichuguu hicho," alisema Fortunatus. Alicheka, na kicheko kilikuwa kirefu kuliko maneno yenyewe.

Imakulata akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akachomoa kalamu mfukoni.

Regina alikuwa amesimama karibu na Faith. Alisikia pumzi ya mtoto. Alitazama nyumba yake, ule mlango ambao Krispini aliuchonga kwa mbao za mninga, na jiko, na nyuma ya jiko. Kisha akatembea, si haraka, akapita mbele ya watu wote.

"Mama injinia," alisema, "waambie wasogee hatua tatu huku."

"Mama," alisema Fortunatus.

"Hapa walipochimba ni nje ya shimo. Shimo liko huku. Nilibeba udongo wake kwa kichwa changu."

Fortunatus akamgeukia mkaguzi, anatabasamu kwa midomo peke yake. "Umri, injinia. Siku hizi anachanganya. Juzi aliniita kwa jina la marehemu baba."

Regina hakuwa amemwita hivyo. Aliuchukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, ule mrefu wa kung'olea mawe, akajaribu kuuinua. Ukainuka kidogo tu.

"Method," alisema. "Wewe umekula kwangu miaka miwili. Njoo unishikie."

Method alimtazama tajiri wake. Tajiri wake alikuwa anatazama chini. Method akaja, akaupokea mtaimbo, akausimamisha pale bibi alipoonyesha kwa kidole cha mguu. Akauinua mpaka kifuani, akaushusha.

Haukudunda. Uliingia wote, ukamponyoka mikononi, ukazama. Ilipita pumzi moja nzima kabla hawajasikia umegonga kitu huko chini. Kwenye kitundu ulichoacha kukatoka hewa ya uvuguvugu, inanuka majivu na kitu kilichooza zamani.

Imakulata alirudisha kalamu mfukoni.

"Kuna mtu ndani?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Method.

"Asiingie mtu tena. Sogeeni nyuma nyote, mpaka barabarani. Wewe dada wa godoro, nenda na mtoto wako. Nenda sasa."

Akatoa kopo la rangi nyekundu garini na kuchora alama kwenye ukuta wa mbele, mistari miwili iliyokatana, mirefu kuliko yeye. Faith alikuwa ameshapanda bajaji; hakuulizia fedha yake, aliuliza tu kama Bibi anakuja. Regina akamwambia atangulie.

Fortunatus alikaa kwenye mfuko wa saruji kando ya barabara, mikono magotini. Mama yake alipompita hakuinua macho. "Umeniua," alisema, taratibu, kama anayetaja saa. Regina akasimama karibu naye. Alitaka kumwekea mkono begani, na mkono haukwenda.

Makarius ndiye aliyekuja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na daftari dogo na kalamu, na ile sauti yake.

"Pole, Mama. Tarehe ni ile ile, sina la kufanya. Ila kwa kuwa nipo hapa, naomba unionyeshe mipaka ya kiwanja chako, nisije nikakosea kwenye makaratasi."

"Njoo, baba," alisema Regina.

Akamtembeza. Akamwonyesha jiwe la kwanza, barabarani. Akamwonyesha la pili, kwenye ua wa minyaa. Makarius anaandika, anahesabu hatua, anaandika tena. Alionyeshwa hata kaburi, akavua kofia. Walipofika jiwe la nne, kati ya ukuta wa jiko na ghorofa, huko ndani kitu kikalia. Tak. Halafu kingine, juu zaidi. Halafu mlio mrefu, wa chini, kama gogo kubwa linalogeuka usingizini.

Makarius akainua kichwa. Lile jengo lilikuwa limesimama juu yao, limemulikwa na jua la asubuhi. Matangi ya maji yaliyojaa yalikuwa ukingoni mwa paa, moja kwa moja juu ya bati la nyumba anayoiandika.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilibadilika. "Hili likianguka, linaangukia wapi?"

Regina alitazama kule njugu zilikokwenda, akafuata kwa macho mpaka kwenye mlango wake wa mninga.

"Hapa tuliposimama," alisema. "Maliza kuandika, baba, tuondoke."